Mama Miti Alirudi Kwetu Kama Mtumba

Nilikinunua soo na nusu, kwa mzee mwenye hutandaza vitabu chini pale mjini karibu na stage. Kitabu cha picha, jalada gumu, kona moja imeliwa. Kwa jalada kuna mama mweusi amevaa rangi kama anaenda harusi. Mama Miti. Nikafungua ndani nikapata muhuri wa maktaba ya shule moja ya msingi huko Marekani, na juu yake muhuri mwingine mwekundu wa kusema kitabu kimeondolewa rafuni.

Hebu fikiria hiyo safari kidogo. Mwanamke wa Nyeri anapanda miti Kenya. Mtu wa Marekani anaandika stori yake. Mchoraji wa Marekani anaichora. Watoto wa Marekani wanafundishwa wema nayo mpaka kona ya kitabu inalika. Halafu kinaingia kwa beli, kinavuka bahari, kinalala kwa lami ya Nairobi kando ya soksi tatu mia. Na mimi, mwenye nimezaliwa hapa na nimepita Uhuru Park mara zisizohesabika, ndio nakisoma kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 23.

Kusema ukweli sikukinunua juu mimi ni msomi. Nilikuwa nasomea ualimu, Historia na Kiswahili, nikaacha mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana. Wengi wenu mnaijua hiyo stori, sitairudia. Nilikinunua kwa sababu ya kazi ya ziada ya mtoto wa dadangu. Tumuite Kadogo, ndilo jina la nyumbani. Ana miaka sita, na kama una mtoto wa CBC kwa nyumba unajua venye huenda: saa tatu usiku ndio anakumbuka kesho anahitajika na karatasi ya manila, mahindi ya rangi mbili na picha ya babu. Hii ya safari hii ilikuwa rahisi. Chora mtu aliyetumikia jamii. Andika sentensi mbili. Mtu huyo asiwe mzazi wako.

Kadogo akauliza, "Kutumikia ni nini?"

Dadangu akamwambia ni kusaidia watu bila kulipwa. Mimi nikakumbuka mahali pa kwanza nilikutana na hilo neno nikiwa mdogo. Ni kwa nembo ya polisi. Utumishi kwa Wote. Nikanyamaza.

Basi tukakisoma hicho kitabu tukiwa kitandani. Mwandishi ni Donna Jo Napoli, mwalimu wa isimu wa chuo kikuu Marekani, mchoraji ni Kadir Nelson, na kilitoka 2010. Picha zake manze ni kitu kingine. Nelson alipaka rangi ya mafuta halafu akabandika vipande vya vitambaa vyenye michoro, kwa hivyo nguo za wanawake na hata milima imetengenezwa kwa kitambaa. Kadogo aliweka mkono kwa ukurasa akasema, "Hii ni leso ya shosho!" Alikagua kila ukurasa akitafuta leso ingine anayoijua.

Stori ni nyepesi. Mwanamke anakuja kwa Wangari, hana chakula. Wangari anamwambia panda mti fulani. Mwingine hana kuni, anapewa mti wake. Mwingine mifugo wake wanaugua, naye ana mti wake. Miti inatajwa kwa majina ya Kikuyu, na kila mama anaondoka na amani. Ni kitabu kizuri. Nasema hivyo mapema ndio mtu asiniambie nimekuja hapa kuponda watu.

Tulipomaliza Kadogo akaangalia dari kidogo, akauliza, "Anti, kwani miti yao ilienda wapi? Nani alikata?"

Kitabu hakikuwa na jibu. Na hapo ndipo hii makala ilianzia.

Nilikaa usiku huo na simu, bando ikiisha pole pole, nikitafuta vitabu vingine vya picha kuhusu Wangari Maathai. YouTube imejaa walimu wa Marekani wakivisoma kwa sauti, wengine wakitamka Kihururu Kihururu lakini kwa moyo safi. Niliangalia hivyo vya kutosha. Kuna kitu nilianza kuona, lakini kabla nikieleze inabidi turudi nyuma kiasi, juu swali la mtoto aonyeshwe nini si la juzi.

Kitabu cha picha kinachotajwa sana kama cha kwanza kilichotengenezewa watoto ni cha mwaka 1658. Kilichapishwa Nuremberg, Ujerumani, na kinaitwa Orbis Sensualium Pictus. Mwandishi ni Comenius, mwalimu na kiongozi wa kanisa kutoka Moravia, sehemu ya Ucheki ya leo. Huyu mzee hakuwa mtu wa maisha laini. Vita vya dini vilimfukuza kwao, tauni ikamchukulia mke wake wa kwanza na watoto wao wawili, akaishi ukimbizini miaka mingi. Na bado alitengeneza kitabu cha sura 150 ambapo mtoto anaona picha ndogo zenye namba, halafu anasoma jina la kitu kwa Kilatini na kwa lugha ya nyumbani. Kuna jogoo, mkate, kinyozi, mvua. Na katikati ya hivyo vyote kuna sura za tabia: uvumilivu, haki, ubinadamu, ukarimu. Yaani mtu wa kwanza kabisa kuwachorea watoto dunia alifikiri wema ni kitu kinaweza kuchorwa, kama jogoo.

Swali ni utauchora vipi.

Karibu miaka 200 baadaye daktari mmoja wa Frankfurt, Heinrich Hoffmann, alitafuta kitabu cha kumnunulia mtoto wake Krismasi ya 1844. Vyote alivyopata madukani vilimchosha, vilikuwa mahubiri matupu. Akanunua daftari tupu akachora mwenyewe, na 1845 likawa kitabu, Struwwelpeter. Mbinu yake ilikuwa ya kutisha. Ukinyonya vidole, fundi nguo anakuja na makasi anavikata. Kuna stori moja ndani ya hicho kitabu inanisumbua. Vijana watatu wanamcheka mtoto mweusi anayepita barabarani. Mzee mkubwa anawakataza, hawasikii, anawachukua anawazamisha kwa wino mpaka wanakuwa weusi kumshinda. Somo ni usimcheke mtu kwa rangi yake, sawa. Lakini adhabu ni nini? Ni kuwa mweusi. Sasa mtoto anayetazama hiyo picha ameshika gani kati ya hayo mawili? Mwalimu anaweza kuwa na nia nzuri kabisa na picha ikafundisha kitu kingine nyuma ya mgongo wake.

Rudi kwa Wangari sasa.

Katika vitabu nilivyopata, vitano ndivyo vinazunguka sana, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa na Mkenya. Viwili vilitoka 2008: cha Jeanette Winter na cha Claire Nivola. Viwili 2010: hicho cha Napoli na kingine cha Jen Cullerton Johnson kilichochorwa na Sonia Lynn Sadler, ambaye mwaka uliofuata alipewa tuzo ya wachoraji wapya kwa hizo picha zake. Cha tano ni cha Wafaransa, Franck Prévot na mchoraji Aurélia Fronty, 2011, kikatafsiriwa baadaye kwa Kiingereza. Angalia hizo tarehe. Alipata Tuzo ya Amani ya Nobel 2004, akafariki tarehe 25 Septemba 2011. Ndani ya miaka saba dunia ilikuwa imeshamgeuza kuwa kitabu cha kulalia.

Na kila mmoja alichagua Wangari wake. Wa Napoli ni mama mwenye hekima, unaenda kwake na shida unatoka na mti. Wa Johnson ni msichana wa sayansi, anasoma mpaka anafika Marekani. Wa Nivola anaonekana kwa mbali, mdogo ndani ya milima, amezungukwa na watu, na hicho ndicho kina kitu nilipenda sana: anapeleka miche kwa watoto wa shule, kwa wafungwa, hadi kwa wanajeshi. Wafaransa ndio wanasema siasa waziwazi. Na wa Winter, mwenye picha zake ni rahisi kuliko zote, kama za kukatwa kwa karatasi, ana ukurasa ambapo wanaume wenye rungu wanampiga, halafu anaonekana jela.

Rungu ndani ya kitabu cha mtoto wa miaka mitano. Nilirudisha hiyo video nyuma nikaangalia tena. Mwalimu mwenye alikuwa anasoma alipofika hapo alipunguza sauti.

Sasa wacha niwaambie zenye hazikuingia kabisa, ama zimeguswa kwa mstari mmoja, juu kwangu hizo ndizo tamu.

Kwanza, alifeli. Mwaka 1974 mume wake, Mwangi, alichaguliwa mbunge wa Lang'ata baada ya kuahidi watu kazi. Kura zikapita, kazi hakuna, kama kawaida. Wangari ndiye aliona aibu. Akaanzisha kampuni ndogo, Envirocare, ya kuwapa watu kazi ya kutunza bustani za matajiri na kupanda miti. Haikushika. Mwaka 1976 alisafiri kwa mkutano mkubwa wa makazi kule Vancouver, Canada, na aliporudi alikuta miche yake mingi imekauka. Huyu ni mtu alikuwa na digrii ya uzamifu tangu 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuipata, na miche imemfia kwa kukosa maji. Nilipomwambia Kadogo hiyo alicheka sana. Yeye mwenyewe maharagwe yake ya shule kwa pamba yalioza wiki iliyopita.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, walitembea kwa msafara kutoka KICC hadi Kamukunji wakapanda miti saba. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement. Miti saba tu. Na hata hiyo saba haikupona yote. Alipoandika kitabu cha maisha yake, Unbowed, 2006, iliyokuwa bado imesimama ni miwili, ile inaitwa Nandi flame, ya maua mekundu.

Pili, wanawake. Kwa kitabu cha Napoli wanakuja mmoja mmoja kupokea. Kwa ukweli wao ndio walikuwa kazi yenyewe. Mwanzoni Wangari alienda kwa wataalamu wa misitu waje kuwafundisha, na wataalamu wakaja na maneno makubwa ya udongo na mteremko wa ardhi mpaka akina mama wakapotea. Ukitaka kupanda mti, ati, inabidi uwe na cheti. Wakaachana na wataalamu. Hawa ni watu wamepanda mahindi na maharagwe maisha yao yote, mbegu wanaijua. Walikusanya mbegu chini ya miti ya porini, wakazipanda kwa chochote kilichokuwa karibu, mikebe ya zamani, vyungu vilivyovunjika. Mche wa mti ni kitu kidogo ukikanyaga hujui umekanyaga. Waliuinua mahali juu mbuzi na kuku wasifike, wakaumwagilia kwa maji yaliyobebwa mgongoni. Shirika likaandika utaratibu wa hatua kumi, kuanzia kuunda kikundi hadi kurudi kuangalia kama mti uko hai.

Na walilipwa. Hapa ndipo nilirudi kwa dadangu kumrekebisha, juu alikuwa amesema kutumikia ni kusaidia bila kulipwa. Kila mche uliopandwa na ukaendelea kuishi ulimletea aliyeulea senti chache. Umekufa, hakuna kitu. Doo ilikuwa ndogo sana, lakini kwa wengi ilikuwa pesa yao wenyewe, haipiti kwa mikono ya mzee wa nyumba. Sijui kwa nini tunapenda kuwafundisha watoto kwamba wema lazima ukuache mkono mtupu. Hizo senti ndizo zilifanya mama arudi kuangalia mti wake mwezi wa tatu na wa sita, na mti unahitaji huyo mtu wa mwezi wa sita kuliko anavyohitaji sherehe ya kuupanda. Kila mvua zikianza unaona wakubwa na jembe jipya mbele ya kamera. Nenda huko miezi sita baadaye.

Wangari alikuwa akiwaita hao akina mama wataalamu wa misitu wasio na diploma. Unajua nilisoma hiyo mara ngapi? Mimi pia sina. Na kufikia wakati anapewa Nobel walikuwa wamepanda zaidi ya milioni 30.

Tatu ni hiyo ya rungu, na kuna mengi kuliko rungu moja.

Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Uhuru Park, mahali mtu asiye na pesa anaweza kulala kwa nyasi Jumapili na hakuna askari wa kumuuliza ametoka wapi. Wangari akaandika barua kwa kila ofisi. Bungeni wakamtukana. Rais wa wakati huo, Moi, akasema hadharani kwamba mwanamke wa Kiafrika anafaa kuheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika lake likafukuzwa kwa ofisi za serikali, likahamia nyumbani kwake. Lakini jumba halikujengwa. Ukilala kwa hizo nyasi leo, unalala kwa kitabu ambacho hakuna mtu amekichora vizuri.

Mwisho wa Februari 1992 alikaa kona ya hiyo hiyo Uhuru Park pamoja na akina mama waliokuwa na wana wao jela kwa sababu za kisiasa. Waligoma kula. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na gesi na rungu, Wangari akapigwa hadi akazimia. Baadhi ya wale kina mama wakavua nguo. Hiyo ni laana, na kila askari aliyelelewa na mama aliielewa bila kutafsiriwa. Baadaye wakahamia ndani ya kanisa la All Saints wakakaa karibu mwaka mzima, mpaka wengi wa wale vijana wakaachiliwa. Hao kina mama wakati mwingine nawawazia kuliko Wangari mwenyewe. Hawakuwa na Nobel wala mchoraji.

Halafu tarehe 8 Januari 1999, Karura. Msitu ulikuwa umegawiwa watu binafsi kimya kimya, wajenge. Wangari na wenzake walienda kupanda miti pale, wakavamiwa na vijana wa kukodiwa. Akapigwa kichwani, akapasuka. Akaenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa, na walipompa karatasi atie saini alitia kwa damu iliyokuwa inamtoka kichwani.

Sasa hilo jibu la Kadogo, nani alikata miti. Nilimpa hilo. Nikamwambia kuna watu walitaka msitu uwe nyumba zao, na kuna mama alikataa, akapigwa, akaandika jina lake kwa damu, na msitu bado uko. Wikendi tunaweza kwenda, kiingilio si bei mbaya.

Kadogo aliuliza, "Aliandika jina lote?"

Dadangu alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi.

Tuligombana, na sitajifanya nilishinda. Alisema mtoto wa miaka sita hahitaji kujua polisi hupiga watu, atakua na atajua, na kwa nini nimuibie hiyo miaka michache. Nilimwambia Juni 2024 tulifunga madirisha na kuweka kitambaa kilicholowa chini ya mlango gesi isiingie, na Kadogo alikuwa hapo hapo akikohoa. Anajua tayari. Hajapewa tu mtu mwema wa kumuweka ndani ya huo moshi. Dadangu akasema, "Wewe ulikuwa mjini siku hiyo. Ulijua mimi nilikaa vipi na simu yako imezimwa?"

Hapo sikuwa na la kusema. Nilikuwa mjini kweli. Naweza kuwaambia nilichoona huko pia: watu wakigawa maji ya kunawa macho, madaktari wa kujitolea, na siku zilizofuata M-Pesa zikitumwa na watu wasiojuana kulipia bili za hospitali. Hiyo yote ni utumishi, na siku moja mtu ataichora. Lakini dadangu alikuwa na hoja nzito kuliko yangu, juu yeye ndiye alikuwa akimkumbatia mtoto nilipokuwa naona hayo mambo mazuri.

Nimefikiria sana baada ya hapo. Naelewa kwa nini Napoli aliacha rungu nje. Si uwongo, kila mti alioutaja ni mti wa kweli na amani anayoisema ni amani ya kweli. Na yule daktari wa Frankfurt ametuonyesha mtoto akitishwa huenda akashika kitisho akaacha somo. Lakini Winter aliweka rungu na sikuona mtoto yeyote kwa hizo video akilia. Tofauti yake na Hoffmann, kwa maoni yangu, ni nani anapigwa. Kwa Hoffmann anayeumia ni mbaya, kwa hivyo mtoto anajifunza kuogopa kuwa mbaya. Kwa Winter anayeumia ndiye mwema, na ukurasa unaofuata bado yuko. Hiyo ni habari tofauti kabisa kumpa mtoto. Ukiondoa huo ukurasa unabaki na mama mpole mwenye miti, na huyo hata waliompiga wangemkubali. Wangemuweka kwa stempu.

Kuna moja zaidi ambayo ni Kadogo aliipenda kuliko zote, na najua mtu atasema sikufaa kumwambia. Wangari alisema asizikwe kwa jeneza la mbao. Kwa hivyo 2011 walimtengenezea la mianzi, mafunjo na magugu maji, yale yale yanayosumbua wavuvi Ziwa Victoria. Kadogo alisema hiyo ni kama kikapu. Nikasema ndio. Akasema basi alikuwa mwepesi kubeba.

Picha aliyochora ilikuwa hivi. Mti mkubwa wa kijani. Mama mwenye leso ya shosho, alijaribu kabisa ile michoro. Kwa kichwa, krayoni nyekundu, nyingi, juu alikuwa amefurahia kupata sababu ya kuitumia. Chini sentensi zake mbili: Wangari alipanda miti. Aliandika jina na damu.

Ilirudi Ijumaa ikiwa na alama ya vyema na maneno ya mwalimu, kwa upole kabisa, kwamba picha ni nzuri lakini ya kubandika ukutani ingekuwa bora isiyo na damu, achore nyingine. Dadangu hakuniangalia. Mimi pia sikumuangalia. Mwalimu ana watoto wengi darasani na wazazi wa kila aina, na kama ningemaliza ile digrii labda ningeandika hivyo hivyo.

Kadogo hakuona shida yoyote. Alichukua karatasi ingine akakaa chini. Safari hii alichora wanawake wengi, kila mmoja na mkebe, na Wangari katikati, kichwa kizima. Halafu pembeni akachora mtu wa bluu mwenye kofia. Nikamuuliza huyo ni nani.

"Polisi. Mwalimu amesema nisiweke damu. Hakusema nisiweke polisi."

Kwa mkono mmoja wa huyo polisi kulikuwa na rungu, na kwa ule mwingine mche, majani mawili tu, kama nilivyomsomea kwamba wanajeshi walipewa miche pia. Nilimsaidia kuandika sentensi. Alipokuwa anapaka rangi akaniuliza bila kuinua kichwa, "Anti, huyu alipanda wake ama aliutupa?"

Nikamwambia sijui. Akafikiri kidogo, akauliza kama ile miwili ya Kamukunji bado iko. Hiyo pia sijui, lakini Kamukunji si mbali, ni mat moja na kutembea kidogo, na Jumamosi hii sina video ya kushuti. Nimemwambia abebe chupa ya maji. Ameuliza ni ya kunywa ama ya mti.